Gari la Wagonjwa Alilolijenga Ochola

Ilikuwa mwaka wa elfu mbili ishirini na mbili. Hapana, hapo nimekosea. Ishirini na mbili ulikuwa mwaka wa uchaguzi, karakana nyingi za Kariobangi zilifunga milango kwa kuogopa vurugu, na Ochola hakufunga hata siku moja alipokuwa akilijenga lile gari. Basi ni ishirini na tatu, mwaka ambao mvua ya mwisho wa mwaka ilikataa kwisha na watu wa Mukuru kwa Njenga wakawa wanalala juu ya meza. Ndiyo, ishirini na tatu. Mvua hiyo ina kazi yake katika habari hii, kwa hiyo ni vizuri mwaka uwe sawa.

Ochola ni mtu wa Kaloleni. Baba yake alikuwa mtu wa reli, akapata nyumba pale zamani, na Ochola hajahama. Karakana yake iko Kariobangi, upande ule wa viwanda vidogo, karibu na Kiamaiko. Ukikaa kwake asubuhi utaona mbuzi wakipita kwa makundi wakielekea sokoni, wanatazama huku na huku kama watu waliokuja kutembea. Mimi nilikuwa napita hapo mara nyingi kwa sababu nyumbani sina la kufanya, na mama mmoja jirani yake anapika chai nzuri.

Kazi ya Ochola ilikuwa moja. Sisi tuliotoka magharibi, mtu wetu akifa Nairobi hazikwi Nairobi. Anapelekwa nyumbani. Sasa hapo panahitajika gari, na gari linaloazimwa laweza kuwa la shule, la kanisa, au hata lori la kubeba soda. Ndipo unapomwita Ochola. Anang'oa viti, anaweka reli mbili za mbao chini sakafuni, kizuizi cha chuma upande wa kichwa na kingine upande wa miguu, kisha mabenchi mawili marefu kando, yanatazamana, jeneza liko katikati, ili mtu wa familia aweze kuliwekea mkono njia nzima. Madirisha ya kando anayaziba kwa bati, jua lisiingie, na watu wa barabarani wasichungulie. Watu walikuwa wakisema jeneza la Ochola halichezi. Linatoka hapa mpaka Busia, na ile barabara unaijua, na likifika liko pale pale alipoliacha yeye.

Alikuwa na desturi aliyoachiwa na mzee aliyemfundisha kazi. Fundi wa magari ya maiti halali mahali pa maiti. Hajipimi hapo, hakai hapo hata kula chakula cha mchana. Akitaka kujua kama kazi yake ni imara, anachukua magunia mawili ya mchanga, anayafunga kichwa kwa mguu, anayalaza juu ya reli, halafu gari linazungushwa barabara ya Outering na kurudi. Mchanga ukisogea hata upana wa kidole, anafungua tena bolti zote. Desturi hiyo aliishika zaidi ya wengine wanavyoshika kanisa.

Pale Kaloleni tuna chama cha mazishi. Mwenyekiti wakati huo alikuwa Mama Asenath, mwanamke wa Kiluhya aliyestaafu kutoka kliniki ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, mtu mwenye sauti ya chini ambayo hata hivyo inafika nyuma ya ukumbi. Siku moja katika mkutano, baada ya kusoma majina ya waliofariki, alikunja miwani yake akasema kwamba amechoka. Akasema chama hiki ni hodari sana wa kufika baada ya mtu kufa. Tunajua kuchanga, tunajua kukodi gari, tunajua kupika kwa matanga. Lakini huko nyumbani mtu akiugua anabebwa kwa pikipiki, ameshikwa na mtu nyuma yake asianguke, na wengi tunaowazika wangeweza kufika hospitali. Akauliza kama kwa mara moja hatuwezi kununua gari la kufika mapema.

 Halafu mmoja akataja jina la Aoko, na kila mtu akamgeukia Ochola.

Aoko ni dada mkubwa wa Ochola. Anaishi nyumbani, ng'ambo ya mto Nzoia. Figo zake zilikuwa zimekufa, na kila wiki mara mbili ilimbidi afike hospitali ya kaunti kusafishwa damu kwa mashine. Alikuwa akienda kwa pikipiki, katikati ya dereva na mtoto wa shemeji yake, kwa njia ya udongo mpaka lami, kisha lami mpaka mjini. Siku ya mvua hakwenda. Na mtu wa mashine asipokwenda, maji yanamjaa mwilini, miguu inavimba, pumzi inakuwa fupi. Ochola alijua hayo yote na hakuwa amesema neno lolote kwenye mkutano. Alipotazamwa alisema tu kwamba gari likipatikana, kujenga ndani ni juu yake.

Gari lilipatikana. Haisi kuukuu, nyeupe, injini nzuri, iliyokuwa ikisambaza mikate. Likaletwa Kariobangi, na Ochola akaliingia kama mtu aliyeingia nyumbani kwake. Sijawahi kumwona akifanya kazi kwa furaha namna ile. Alikuwa akimpigia Aoko simu huku amebana skrubu mdomoni. Alitengeneza kitanda cha chuma chenye godoro la povu na kifuniko cha reksini ya bluu. Akakifunga chini kabisa sakafuni ili kisiyumbe. Mabenchi mawili kando. Kizuizi kichwani, kizuizi miguuni. Madirisha akayaziba, akasema mgonjwa hapaswi kutazamwa na kila mtu. Akaweka magunia yake ya mchanga, na Austine akalizungusha gari Outering. Austine huyo ndiye aliyechaguliwa na chama kuwa dereva, jamaa wa makamo aliyewahi kuendesha magari ya Eastleigh, ana mdomo mrefu lakini mikono yake kwenye usukani ni ya mtu mpole.

Mchanga haukusogea hata kidogo. Sote tulikwenda kutazama, tukasifu. Mama Asenath aliingia, akashikashika godoro, akasema ni safi. Hakuna mmoja wetu aliyeona kasoro, na nimeliwaza sana jambo hilo. Tulikuwa tumepanda magari ya Ochola miaka mingi sana, kila mmoja wetu akiwa ameketi kwenye benchi.

Wakati huo serikali ilikuwa imekaza kamba kuhusu magari yaliyobadilishwa. Kulikuwa na ajali, magazeti yakaandika, na sasa kila gari lililotolewa viti au kuongezwa kitu lilitakiwa likaguliwe, na la wagonjwa lilitakiwa likaguliwe zaidi. Basi Ochola na Austine wakalipeleka kwenye ukaguzi. Mkaguzi aliyewapokea alikuwa msichana wa Kisomali anayeitwa Ifrah, amevaa koti jeupe juu ya buibui na viatu vizito vya kiwandani. Ochola alinisimulia baadaye kwamba alipomwona alifikiri kazi itakuwa rahisi kwa kuwa alikuwa na uso wa upole. Uso ulikuwa wa upole kweli.

Ifrah alizunguka gari, akapiga tochi chini, akasifu breki. Kisha akafungua mlango wa nyuma, akasimama pale bila kuingia.  Akamwuliza Ochola kama amewahi kulala kwenye hicho kitanda. Ochola akasema hapana. Akamwomba alale. Ochola akasema hapana tena, kwa adabu, akaeleza kwamba yeye hupima kwa mchanga.

"Kwa nini mchanga, mzee?"

 Austine, ambaye hajui kunyamaza, akasema yeye atalala, akavua viatu, akajinyoosha pale chini. Ifrah akamwambia Ochola aketi benchi moja, na yeye mwenyewe akaketi benchi la pili, akafunga mlango. Ndani kukawa giza.

"Sasa unaona nini?" Ifrah akauliza.

"Magoti yenu, madam," Austine akajibu kutoka chini. "Na dari. Ni kama nishadedi, maiti kabisa, ni vile tu hamjaanza kuimba."

Ochola alisema hapo ndipo masikio yalipomchemka. Alitazama huku na huku akaona gari lake lote jinsi lilivyo. Akaona kwamba muuguzi hana pa kusimama wala kuketi karibu na kichwa cha mgonjwa, kwa sababu aliyelala hapo siku zote hakuhitaji kuulizwa kitu. Akaona kwamba mgonjwa akitapika hakuna wa kumfikia. Hata chupa ya dawa haikuwa na pa kutundikwa.

Ifrah hakumcheka. Alifungua mlango, akamwambia polepole kwamba hilo la kitanda linaweza kurekebishwa, lakini kuna lingine. Sheria inataka mtu aombe ruhusa kabla ya kukata chuma. Anapeleka mchoro, mchoro unapitishwa, ndipo anajenga. Gari likishajengwa bila ruhusa haliwezi kupitishwa, hata likiwa zuri. Linatakiwa lirudi kama lilivyokuwa kwanza, likaguliwe likiwa tupu, kisha maombi yaanze.

"Nivunje, niombe, halafu nijenge tena?" Ochola akauliza.

"Ndiyo, mzee. Samahani."

Alivunja. Nilikuwapo siku ile alipong'oa mabenchi, na hakuwa na hasira. Ochola si mtu wa hasira. Alikuwa akifungua bolti moja moja na kuziweka kwenye mkebe wa maziwa. Mama Asenath alikuja akataka kwenda kugombana na ofisi, Ochola akamkataza. Akasema yule binti ana haki. Akasema, kama Aoko angepanda lile gari lilivyokuwa, angefika hospitali amekwisha kata tamaa.

Halafu mvua ikaanza.

Maombi yalikaa ofisini. Mara mchoro umekosa sahihi ya mhandisi, mara mhandisi ametia sahihi lakini kipimo cha mlango hakikuandikwa, mara afisa anayehusika yuko semina Naivasha. Sisemi walikuwa wabaya. Kila aliyeulizwa alijibu vizuri, na kila mmoja alikuwa na magari mengi ya watu wengine mbele ya letu. Lakini Nzoia ilikuwa imefurika, njia ya udongo ilikuwa imegeuka uji, na pikipiki zilikuwa haziwezi kupita. Aoko alikosa mashine mara moja, kisha mara ya pili. Mara ya tatu vijana walimbeba kwa kiti cha plastiki mpaka lami.

Alikuwa akipiga simu karakana, na Ochola anaweka simu kwa sauti ya nje kwa kuwa mikono ina mafuta, kwa hiyo sote tulimsikia. Sauti yake ilikuwa imepungua lakini ulimi wake haukupungua. Wanaongea Kijaluo, mimi nakielewa kiasi; owadwa ni ndugu yetu, nyaminwa ni dada yetu.

"Hilo gari limefika wapi, owadwa?"

"Liko ofisini, nyaminwa."

"Lina kazi gani ofisini? Limeajiriwa?"

Tulicheka, naye akacheka, halafu akakohoa kwa muda mrefu. Ochola akasimama na bisibisi mkononi mpaka kikohozi kikaisha.

Ruhusa ilikuja wakati mvua inapungua. Siku hiyo hiyo Ochola alianza. Lakini kabla ya kukata kitu chochote alifanya jambo ambalo yule mama wa chai alilisimulia Kariobangi nzima. Alifagia sakafu ya gari, akatandika gunia, akavua kofia, akalala chali. Yeye Ochola. Mama wa chai alikuwa amemletea kikombe, akadhani mzee ameanguka, akataka kupiga kelele, Ochola akamwinulia mkono kumtuliza. Alikaa hapo mpaka chai ikapoa. Halafu akamwomba Austine aliendeshe gari hivyo hivyo, naye amelala, Outering kwenda na kurudi.

Aliporudi alishuka akavaa kofia yake. Nilimwuliza alionaje. Akasema alisikia kila bolti. Akasema pia kwamba mtu akiwa amelala hajui gari linakwenda wapi, na kwamba hilo hakuwahi kulifikiria.

Basi alijenga upya. Kitanda alikiinua mpaka usawa wa kiuno, na kinatoka kwenye gari kwa magurudumu. Kiti cha muuguzi kikakaa kichwani. Benchi likabaki moja, fupi, la muuguzi wa pili au ndugu mmoja. Akakata dirisha refu kando, mahali hasa ambapo macho ya mtu aliyelala yanafika, akaliwekea kioo ambacho aliye nje hawezi kuona ndani. Chupa ya dawa ikapata ndoano. Ifrah alipolikagua mara ya pili alilala mwenyewe, buibui na yote, akatazama nje kupitia lile dirisha, akaona watu wa foleni wakigombana, akasema limepita. Nje liliandikwa kwa rangi nyekundu kwamba ni gari la wagonjwa, na kibali kikabandikwa kwenye kioo.

Ochola alilisindikiza nyumbani. Nami nilikwenda, maana nilikuwa sijaona nyumbani siku nyingi na kulikuwa na nafasi pale mbele. Tulilala Kisumu, asubuhi tukavuka Nzoia, maji yakiwa yameshuka. Hospitali ilikuwa imekipa chama muuguzi, msichana mchangamfu anayeitwa Whitney, tukamchukua njiani. Ilikuwa siku ya Aoko ya mashine, Ochola alikuwa ameipanga hivyo.

Aoko alikuwa nje ya nyumba yake, ameketi kwenye kigoda, amevaa nguo ya kanisani. Miguu yake ilikuwa imevimba mpaka viatu vimekataa, kwa hiyo alivaa ndara. Majirani walikuwa wengi. Ochola alifungua mlango wa nyuma, akakivuta kitanda nje kwa magurudumu yake, akamwonyesha dirisha, kiti cha muuguzi, ndoano ya chupa. Watu wakapiga makofi kidogo. Aoko alitazama vyote bila haraka.

"Ni kazi nzuri," akasema. "Lakini mimi nitaketi kwenye benchi."

Ochola akadhani hakuelewa, akaanza kumweleza tena. Aoko akamwacha amalize.

"Ochola, mama alipokuja, alikuja kwa gari lako. Ouma mume wangu alikuja kwa gari lako. Watu wote niliowapokea hapa kutoka kwa mikono yako walikuja wamelala. Mimi nina macho, nina mgongo. Nitaketi."

Hakuna aliyecheka, ingawa nusu yake ilikuwa mzaha. Whitney akasema si vibaya, anaweza kuketi kama pumzi inamruhusu. Basi akapandishwa, akaketi benchi lile fupi, Ochola kwenye kiti cha muuguzi kwa kuwa hakukuwa na kingine, Whitney akajibana pembeni ya Aoko. Kitanda katikati kilikuwa kitupu na shuka yake haijakunjuliwa. Tukaondoka. Aoko alikuwa akitazama nje kupitia dirisha la wagonjwa, ilimbidi ainame kidogo, na alikuwa akitaja nyumba za watu kadiri tulivyozipita. Nilimsikia akimwambia ndugu yake kwamba gari halitikisiki.

Karibu na mjini kulikuwa na kizuizi cha polisi, misumari barabarani. Afande mmoja, si mzee, akatusimamisha. Alisoma kibali chote mpaka chini, na nilipenda alivyokisoma, kwa kuwa wengine hawasomi. Akaenda nyuma, akafungua mlango, akatazama.

Akauliza mgonjwa yuko wapi.

Aoko akasema ni yeye.

Afande akarudi kwenye kibali. Akasema gari hili limeruhusiwa kubeba mgonjwa kitandani, na watu wawili wa kumhudumia. Yeye anaona kitanda kitupu na watu watatu wameketi. Kwa macho yake hayo ni matumizi mengine, ni kubeba abiria, na amekuwa akiambiwa kila asubuhi kwamba magari ya namna hii yanatumiwa kusafirisha watu. Alisema hayo bila ukali. Kama huyu mama ni mgonjwa, basi alale, na safari iendelee.

Whitney akamwonyesha miguu ya Aoko. Afande akaitazama, akasema pole mama, lakini alale.

Ochola akashuka kutoka kwenye kiti akapiga magoti mbele ya dada yake, hapo ndani ya gari. Akamwambia kwa Kijaluo, na hili nalisema kama nilivyolisikia:

"Nyaminwa, nimelala hapo mimi mwenyewe. Nimezungushwa nikiwa nimelala. Hili si kama yale."

Aoko alimshika bega. Alimtazama kwa upendo, hakuna mtu angeweza kukosea kuuona.

"Wewe ulilala ukijua utaamka," akasema.

Kisha akaomba asaidiwe kushuka. Ochola alidhani anataka kupumua. Lakini ng'ambo ya barabara palikuwa na waendesha pikipiki wakisubiri wateja, na mmoja alimfahamu, akamwita mama, akauliza kama ni siku ya mashine. Aoko akasema ndiyo. Wakampandisha, mwenzake mmoja akaketi nyuma kumshika. Whitney akalalamika, akasema hawezi kumruhusu, lakini pikipiki ilikuwa imekwisha geuka. Afande akavuta misumari kando, pikipiki ikapita. Mtu wa nyuma hakuwa na kofia ya chuma, wala Aoko. Hakuna aliyewauliza kibali.

Baada ya hapo afande akatuambia na sisi twende, kwa kuwa sasa gari halina mgonjwa wala abiria, halina kosa. Austine aliliwasha bila kusema lolote, na hiyo ndiyo mara pekee ninayokumbuka. Ochola alirudi kwenye kiti cha muuguzi, akaketi kichwani mwa kitanda. Njia nzima alikuwa ameweka mkono juu ya kile kitanda kitupu.

Tulipofika, Aoko alikuwa amewekwa kwenye mashine, damu yake inazunguka kwenye mipira. Alimwinulia Ochola kidole gumba.

Gari liko huko mpaka leo na linafanya kazi. Limebeba akina mama wa kujifungua, limebeba mtu aliyeangukiwa na mti, na wengi wamefika. Wanalala bila shida, wengine hawamjui Ochola. Aoko anakwenda kwa pikipiki siku za jua. Siku za mvua anapanda gari, anaketi kwenye benchi, wanapita njia ya nyuma isiyo na kizuizi ingawa ni ndefu na ina mashimo, na akifika anakuwa amechoka kuliko inavyofaa. Mara mbili walikuta mashine yake amepewa mwingine. Ochola anajua habari hizo, anaambiwa kwa simu, na siku akiambiwa hafanyi kazi vizuri.

Alirudi kwa Ifrah kuuliza kama kibali kinaweza kuandikwa upya. Ifrah alimsikiliza mpaka mwisho, akasema si yeye anayeandika sheria, lakini atauliza wa juu. Baadaye akahamishiwa Garissa. Aliyekuja baada yake alisema swali hilo ni la wizara ya afya, na huko walisema ni la barabara. Mimi pia, kwa kuwa natembea sana na nakutana na watu, nimemwuliza karani mmoja wa wakili pale Jericho, nimemwuliza daktari aliyekuja kanisani kwetu kutupima shinikizo la damu, na hata afande wa kituo chetu. Wote walisema ni swali zuri. Lenyewe ni fupi tu: sheria ikisema mgonjwa, inamsema yule aliyelala, au yule anayeumwa?